Kupima reli na magurudumu ya treni ndogo bila kuagiza geji ng'ambo

Swali: Shikamoo mwalimu. Naishi Pasua, Moshi. Mjomba wangu aliporudi kutoka Ujerumani aliniachia treni ndogo za umeme za ukubwa wa HO, pamoja na reli na pointi nne, yaani pale njia inapogawanyika kuwa mbili. Mabehewa matatu huacha njia kila yakifika kwenye pointi, ila mengine yanapita salama. Nimesoma kwamba nahitaji ile geji rasmi ya Wamarekani, ya bamba la chuma, lakini nikijumlisha usafirishaji na ushuru inanishinda. Nina shilingi elfu themanini. Je, hapa Moshi au Arusha naweza kupata vipimo vya bei nafuu vya kupimia reli na magurudumu? Na nitajuaje kwamba vinasema kweli? Baadaye natamani kutengeneza kwa udogo reli yetu ya Tanga hadi Arusha.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Elfu themanini inatosha ukiitoa kwa mpangilio. Ila kwanza tukubaliane tunatafuta kosa la ukubwa gani, kwa sababu ukubwa wa kosa ndio unaoamua ununue kifaa gani. Wengi hununua kifaa kwanza, halafu ndipo wanauliza kinapima nini, na pesa inakuwa imeshakwenda.

Treni za HO hutengenezwa kwa uwiano wa 1 kwa 87. Njia yake ina upana wa milimita 16.5, ukipima kutoka uso wa ndani wa reli moja hadi uso wa ndani wa reli ya pili. Kiwango cha Marekani kinairuhusu njia hiyo kupanuka mpaka karibu milimita 17. Hiyo ni nafasi ya nusu milimita. Ukiizidisha nusu milimita mara 87 unapata zaidi ya sentimita nne, na hakuna fundi wa njia katika reli kubwa atakayekubali njia ipanuke kiasi hicho. Kwa hiyo upande wa reli treni ndogo zina uvumilivu mkubwa, na hata kifaa cha kawaida kitakuonyesha kosa.

Magurudumu ndiyo yenye masharti makali. Chukua ekseli yenye magurudumu yake mawili na utazame nyuso za ndani zinazotazamana. Tuziite migongo ya magurudumu. Umbali kati ya mgongo na mgongo, kwa HO ya reli mbili, unatakiwa uwe karibu milimita 14.5. Mimi naruhusu kuanzia 14.4 hadi 14.6 na sivuki hapo. Dirisha lote, yaani nafasi inayoruhusiwa, ni la milimita 0.2. Desturi ya karakana ni kwamba kosa la kifaa lisizidi robo ya dirisha unalolipima, kwa hiyo unahitaji kifaa kisichokosea zaidi ya milimita 0.05. Venia ya kawaida ya chuma, ile rula yenye meno yanayofunguka na kufunga kitu unachokipima, inaliweza hilo bila shida. Maikromita huihitaji, wala kifaa cha maabara, wala cha kuagiza kwa ndege.

Kwa kuwa treni zako zimetoka Ujerumani, tazama katikati ya njia kabla ya kupima chochote. Ukiona vichunusi vidogo vya chuma vimepangwa mstari juu ya mataruma, hizo ni treni za mfumo wa Märklin, ambao hupitisha umeme katikati. Magurudumu yake hukaribiana zaidi, karibu milimita 14.0, na ndivyo yalivyokusudiwa. Ukiyapanua yafike 14.5 utaharibu kitu kizima. Kama katikati hakuna kitu, ni reli mbili tu na mataruma ya plastiki, basi haya yote ninayoyaandika yanakuhusu.

Kuhusu lile bamba la Wamarekani, ni kifaa kizuri sana na ninakiheshimu. Hutolewa na NMRA, chama cha wapenzi wa treni ndogo cha Marekani kilichoanzishwa mwaka 1935. Kwa kipande kimoja cha chuma unapima upana wa njia, nafasi ya magurudumu, mifereji ya pointi, na hata kama behewa litapita kwenye handaki bila kugusa ukuta. Lakini treni za Ulaya hufuata viwango vingine viitwavyo NEM, vinavyotolewa na shirikisho la MOROP lililoundwa mwaka 1954. Viwango hivi viwili vinakaribiana kwenye upana wa njia na nafasi ya magurudumu, ila vinaachana kwenye ukingo wa gurudumu, yaani ile sehemu inayoshuka ndani ya reli. Ukingo wa Kimarekani wa mtindo wa RP-25 hushuka milimita 0.64 hivi kwa gurudumu la kawaida la HO. Ule wa NEM unaruhusiwa kufika milimita 1.2. Ukilitia gurudumu lako la Kijerumani kwenye bamba lile, huenda bamba likalikataa, nawe ukadhani gurudumu ni bovu kumbe ni zima. Kwa hiyo hata ungekuwa na pesa ya kuliagiza leo, kwa treni hizo nisingekushauri uanze nalo.

Sasa twende dukani. Kifaa cha kwanza ni venia ya chuma ya milimita 150. Ipo ya mistari na ipo ya dijitali. Ya dijitali ni rahisi kusoma, na nyingi za bei ya chini huandikiwa kosa la 0.02 au 0.03. Ubaya wake ni kwamba hunyonya betri hata ukiwa umeizima, kwa hiyo ukimaliza kazi chomoa betri uiweke pembeni. Ya mistari haina betri ya kuisha. Kama macho yako ni mazima na una subira ya kujifunza kuisoma, ningekupa ya mistari yenye usomaji wa 0.02, na mara nyingi bei yake ni ya chini zaidi. Zile za plastiki ziache. Kwa reli zinafaa, lakini kwa magurudumu kosa lake linaweza kumeza dirisha letu lote.

Moshi utaipata kwenye maduka makubwa ya vifaa vya ufundi na spea katikati ya mji. Ukipita Arusha, ambako ni kilomita 80 hivi tu kwa basi, kuna mlango mwingine ambao watu wa treni ndogo hawaufikirii. Wafanyabiashara wa vito hupima mawe yao kwa venia ndogo za dijitali, kwa mizani zinazosoma sehemu ndogo za gramu, na kwa lenzi za kukuza mara kumi. Biashara ya tanzanite imekuwepo tangu jiwe hilo lilipogunduliwa mwaka 1967, na wanaowauzia vifaa wachimbaji na madalali wamezoea wanunuzi wanaojali sehemu za milimita. Waulize hao. Lenzi hiyo ya mara kumi nayo ni mali kwako, kwa sababu kasoro nyingi za pointi ni ndogo kuliko jicho.

Ukiwa bado dukani, kabla ya kulipa, fanya majaribio matatu. Funga meno ya venia kisha yanyanyue kuelekea kwenye mwanga. Ukiona mwanga unapenya upande mmoja, meno hayajalala sawa, irudishe. Fungua na ufunge mara kadhaa, na kila ukifunga isome sifuri ileile. Halafu shika jino linalotembea ulitikise kwa kidole. Likicheza, skrubu za juu zimelegea. Kama kukaza skrubu hakulitulizi, chagua nyingine. Muuzaji akikataa usijaribu, tafuta duka lingine.

Swali lako la pili, utajuaje kwamba inasema kweli, ndilo lililonifurahisha, na jibu lake lipo kwenye duka la spea za pikipiki. Nunua beringi. Beringi hutengenezwa kwa vipimo vya dunia nzima, na namba iliyoandikwa ubavuni ndiyo inayokuambia ukubwa wake. Namba 608 ina tundu la milimita 8 na duara la nje la milimita 22. Namba 6202 ina tundu la milimita 15 na duara la nje la milimita 35. Tundu na duara la nje huwa ndani ya takriban mia moja ya milimita kutoka kwenye namba hizo, yaani 0.01, na hakuna kitu kingine cha bei hiyo mjini chenye uhakika wa namna hiyo. Ipangusie grisi, pima tundu kwa meno madogo ya juu na duara la nje kwa meno makubwa. Venia ikisoma 15.00 na 35.00, au ikikosea kwa 0.02 hivi, umeshapata mwamuzi wako. Hiyo 15 iko jirani kabisa na 14.5 tunayoitafuta, ndiyo maana naipenda 6202 kuliko nyingine. Ukiogopa beringi bandia, chukua mbili za watengenezaji tofauti. Zikikubaliana, ziamini.

Ila unene wa beringi, ubavu hadi ubavu, usiutumie. Kiwango kinaruhusu upungue mpaka milimita 0.12, na hilo ni zaidi ya nusu ya dirisha letu. Wapo pia wanaotumia kadi ya benki kama kipimo cha unene, kwa sababu unene wake rasmi ni 0.76. Lakini kiwango hichohicho kinaukubali kuanzia 0.68 hadi 0.84. Kwa kazi ya pointi hiyo ni tofauti kubwa mno.

Joto nalo lisikusumbue. Moshi ni ya joto kuliko Arusha, ila kwa urefu wa milimita 14.5 tofauti ya nyuzi kumi hubadilisha chuma kwa chini ya milimita 0.002. Vumbi ndilo adui. Kabla ya kila kipimo funga meno juu ya karatasi safi uivute polepole itoke, itaondoka na vumbi lote.

Baada ya kuiamini venia, usiitumie kila siku kwenye magurudumu. Meno yake ni manene kuingia vizuri kati ya migongo, yanagonga ekseli, na ukiisukuma kidogo inakudanganya. Tengeneza vijiti viwili. Mafundi wa friji na radieta hutumia vijiti vya shaba vya kuchomelea. Tafuta kile cha mviringo cha unene wa milimita 3 hivi, au hata chembamba kidogo. Kata vipande viwili vya milimita 16. Toboa tundu linalokibana kijiti kwenye kipande cha mbao ngumu, kipitishe humo, na ncha inayojitokeza uinoe kwa tupa nyororo hadi ilale sawa na mbao. Hapo ncha inakuwa imekatwa wima, haijaenda upande. Kisha malizia kwa msasa laini uliolazwa juu ya kioo, ukipima kila baada ya kusugua kidogo. Kimoja kiishie 14.40. Kingine kiishie 14.60. Kipake cha kwanza rangi ya kucha ya kijani na cha pili nyekundu.

Kazi yake ni hii. Weka kijiti cha kijani kati ya migongo, sambamba na ekseli, pembeni yake. Kinatakiwa kipite. Cha rangi nyekundu kinatakiwa kigome. Cha kijani kikigoma, magurudumu yamebanana. Chekundu kikipita, yameachana mno. Huhitaji kusoma namba yoyote, wala betri, na mdogo wako anaweza kupima mabehewa yote ukiwa unakunywa chai. Angalizo moja tu: kijiti kikilala mshazari kidogo kinajibana, kwa hiyo kichezeshe taratibu mpaka upate mahali kinapolegea zaidi, hapo ndipo kiko wima.

Kama mkono wako haujazoea tupa, mpelekee fundi wa kukereza. Moshi na Arusha wapo wengi, na ukiuliza kwenye mitaa ya viwanda vidogo ya SIDO au karakana za Unga Limited huko Arusha hutakosa. Mwandikie kwenye karatasi: urefu 14.40, kosa lisizidi 0.02, ncha zote ziwe wima. Usimwambie kwa mdomo. Mkerezaji mzuri akiona namba imeandikwa na kosa limeandikwa, anajua anafanya kazi na mtu anayejali, na atakufanyia hivyohivyo. Vijiti vilivyochapwa kwa mashine ya plastiki sivipendekezi kwa kazi hii. Mashine za kawaida za namna hiyo hukosea 0.1 hadi 0.2 na plastiki inalika haraka.

Sasa pointi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mabehewa yako yanapoanguka.

Tazama pale reli mbili zinapokutana na kuwa ncha kali. Gurudumu linapovuka hapo kuna pengo, na kwa kitambo kifupi hakuna kitu kinacholiongoza. Kinacholiokoa ni gurudumu mwenzake wa upande wa pili. Karibu na reli ya upande huo kuna kipande kifupi cha reli kilicholala sambamba nayo, nikiite reli kinga. Reli kinga inaushika mgongo wa gurudumu na kulivuta, na kwa kuwa magurudumu mawili yamefungwa kwenye ekseli moja, lile linalovuka pengo nalo linavutwa mbali na ncha. Ndiyo maana umbali wa mgongo kwa mgongo una uzito kuliko kipimo kingine chochote. Ukiwa mkubwa mno, mvuto wa reli kinga haufiki, ukingo unaigonga ncha na gurudumu linapanda au linaingia njia isiyo yake. Ukiwa mdogo mno, migongo miwili inabanwa kati ya reli kinga na reli ya bawa iliyo kando ya ncha, na behewa linainuka juu kama lililokanyaga jiwe.

Hebu sukuma lile behewa kwa kidole, polepole, na utazame kwa lenzi. Likigonga ncha na kupotea njia, shuku magurudumu yaliyoachana. Likiinuka, shuku magurudumu yaliyobanana. Na kwa kuwa mabehewa mengine yanapita kwenye pointi zilezile, mimi ningeyahukumu magurudumu kwanza kabla ya kuzigusa pointi.

Hata hivyo zipime, kwa sababu kazi yenyewe ni fupi. Hapa unahitaji fila geji, ile seti ya majani membamba ya chuma ambayo mafundi wa magari hupimia nafasi za vali. Nunua yenye majani kuanzia 0.05 hadi 1.00. Huja na mafuta, yafute yote kwa kitambaa, kwa sababu mafuta kwenye reli huzuia umeme na kukusanya vumbi letu hili jekundu. Zima umeme wa treni kabla ya kugusa, maana venia ya chuma ikigusa reli zote mbili inapiga shoti.

Pima vitu vitatu mbele ya ncha. Upana wa njia, kwa meno ya juu ya venia. Nafasi kati ya reli kinga na reli iliyo jirani yake, kwa kuunganisha majani ya fila, kwa mfano 1.00 na 0.25, hadi upate yanayoingia bila kusukuma. Na nafasi kati ya ncha na reli ya bawa, kwa njia hiyohiyo. Halafu toa.

Upana wa njia ukitoa nafasi ya reli kinga, jibu lisipungue karibu 15.3. Namba hiyo inatokana na 14.5 ya migongo ukiongeza unene wa ukingo mmoja, ambao ni karibu 0.8. Mfano: njia 16.6, nafasi ya reli kinga 1.2, jibu 15.4, salama. Njia 16.6, nafasi 1.7, jibu 14.9, na hapo ukingo utagonga ncha hata magurudumu yakiwa sahihi kabisa.

Kisha upana wa njia ukitoa nafasi zote mbili, jibu liwe dogo kuliko 14.4. Njia 16.5, nafasi 1.2 na 1.2, jibu 14.1, migongo inapita kwa raha. Nafasi zikiwa 0.9 na 0.9, jibu ni 14.7 na kila ekseli itapanda.

Nafasi ya reli kinga ikiwa pana, dawa yake ni ukanda mwembamba wa plastiki uliogandishwa kwenye uso wa reli kinga unaogusana na mgongo wa gurudumu. Kama umepungukiwa 0.4, tafuta plastiki ya 0.4 kwa kupima makasha na vifuniko kwa venia yako, utashangaa vitu vingapi vya jikoni vina unene huo. Nafasi ikiwa nyembamba, pitisha tupa bapa taratibu. Pima kila baada ya kupitisha, chuma kilichoondoka hakirudi.

Upana wa njia kwa ujumla hauhitaji mengi. Fungua meno ya juu ya venia hadi 16.5, kaza skrubu ya kufungia, na uitembeze njia nzima. Inatakiwa ipite kila mahali. Kisha ifungue 17.0 na uitembeze tena, safari hii isipite. Mahali inapogoma ya kwanza au inapopita ya pili, tia alama ya kalamu. Angalia zaidi kwenye viungio vya reli na kwenye kona kali.

Kurekebisha magurudumu kuna adabu yake. Toa ekseli kwenye behewa. Shika kila gurudumu kwa vidole, zungusha moja kuelekea mbele na jingine nyuma huku ukivuta au kusukuma kidogo. Usitie bisibisi katikati ukakorofisha, utalipinda gurudumu na kutoka hapo litayumba milele. Kwenye treni za reli mbili kuna kizuizi cha plastiki kinachozuia umeme usivuke ekseli, ukikipasua behewa litapiga shoti. Baada ya kurekebisha, pima kwa ule ufito unaotoka mkiani mwa venia umbali kutoka ncha ya ekseli hadi uso wa nje wa gurudumu, pande zote mbili. Uwe sawa. Ekseli inaweza kupita mtihani wa vijiti huku magurudumu yote mawili yamehamia upande mmoja, na behewa hilo litaendelea kuanguka, likikuchanganya akili.

Kitu kingine ambacho hakuna geji ya reli inayokionyesha, ya hapa wala ya Marekani, ni behewa lisilokanyaga kwa magurudumu yote. Nenda kwa fundi wa madirisha ya aluminiamu umwombe kipande cha kioo, hata masalia. Kioo ndicho kitu kilichonyooka kuliko vyote utakavyovipata kwa bei hiyo. Weka behewa juu yake, kisha jaribu kupitisha jani la fila la 0.10 chini ya kila gurudumu. Likipita chini ya gurudumu moja na kugoma kwa mengine, fremu imepinda au gari la chini, yaani kile kifremu kinachobeba ekseli chini ya behewa, halitikisiki vizuri, na gurudumu hilo ndilo linaloinuka kwenye pointi. Legeza kidogo skrubu ya gari moja la chini na upime tena. Juu ya kioo hichohicho, viringisha ekseli peke yake na utazame kama magurudumu yanayumba. Likiyumba, badilisha. Halinyooki.

Uzito nao una neno. NMRA hupendekeza kwa HO gramu 28 za kuanzia, na gramu 14 kwa kila sentimita mbili na nusu za urefu wa behewa. Behewa la sentimita 15 linafika kwenye gramu 112 hivi. Mizani ya jikoni inatosha. Kama yale matatu ni mepesi, gandisha nati ndani, karibu na sakafu.

Kwa pesa yako, venia ichukue fungu kubwa, kisha beringi ya 6202, fila geji, na kijiti cha shaba. Kioo omba. Lenzi iwe ya mwisho, kama pesa imebaki.

Kuhusu reli ya Tanga, nimefurahi sana umelitaja, kwa sababu ni njia inayostahili kutengenezwa. Ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911 na Arusha mwaka 1929, na treni za abiria zilirudi Moshi Desemba 2019 na Arusha Oktoba 2020. Ila ni reli ya upana wa mita moja. Mita moja ukiigawa kwa 87 unapata milimita 11.5, kwa hiyo reli zako za 16.5 zingeifanya ionekane pana kama SGR ya Dar es Salaam na Dodoma, ambayo ni ya milimita 1,435. Wanaotengeneza reli za mita moja kwa ukubwa wa HO hutumia njia ya milimita 12, na mabehewa na vichwa vyake huuzwa kwa jina la H0m.

Venia, fila na kioo vitakufaa vilevile. Vijiti vitabidi vikatwe vipya. Ongeza beringi moja ya namba 6201, yenye tundu la milimita 12 kamili, ukague nayo meno ya juu ya venia kabla ya kulaza taruma la kwanza. Na kama utajilazia reli mwenyewe badala ya kununua zilizofungwa tayari, mpelekee mkerezaji mchoro wa kijirola cha shaba chenye mifereji miwili ya kukaa juu ya vichwa vya reli, ili reli zikae 12.0 wakati gundi inakauka. Agiza vitatu. Kwa kijirola kimoja reli hutulia pale kilipo tu, na hujipinda mbele yake na nyuma yake.